Mtani Hakuitwa

Makanya, kambi ya mkonge
3 Machi 1969

Mtani wangu Aminiel Eliakunda, Mpare wa mawinguni,

Salamu nyingi kama mbu wa kwetu Handeni. Mimi ni mzima, na nitakuwa mzima mpaka nikuzike wewe, maana Mzigua hafi mbele ya Mpare, nani atabaki kumcheka?

Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, si wa karani. Darasa la tatu la zamani ni chuo kikuu cha leo. Na mtu aliyefika Bama vitani, akalala Kolombo, akala samaki Mombasa na mabaharia wa kila rangi, huyo hahitaji karani.

Tangu ulipoacha kazi ukarudi kwenu Bombo, korona, hii mashine yetu ya kuchakata mkonge, imekosa ladha. Wamenipa kijana mwingine wa kulisha mashine majani. Anayapeleka moja moja kama anayemlisha mgonjwa uji. Tomaso nyapara anapiga kelele mchana kutwa: "Shamba hili sasa ni mali yetu sote!" Nikamwambia, sawa, lakini mgongo unaouma ni wangu peke yangu. Watu wakacheka mpaka mashine ikasimama.

Sasa tuje kwenye mambo ya maana. Lile koti lako la mtumba, kafa Ulaya, ulilonunua mnadani Same, lenye vifungo kama macho ya ng'ombe, ukumbuke lina mwenyewe. Siku ukifa ni langu. Mtani ndiye mrithi, usije ukamwandikia mtu mwingine.

Na yule kaka yako Hezroni mbona haleti salamu? Mwaka jana alikuja hapa na mkungu wa ndizi, akala ugali wangu, akacheka huku amefunika mdomo kama mwari, akaahidi kurudi. Muulize kwa niaba yangu: amekufa au ameoa? Kama amekufa, mbona sikuitwa matangani kudai mbuzi wangu?

Jibu upesi, na unitukane vizuri. Mtani asiyejibu ni mgonjwa.

Ni mimi,
Chande, fundi wa korona

*

Bombo
20 Machi 1969

Mzee Chande,

Shikamoo. Barua yako ilifika. Niliisomea shambani, nyumbani sikuwasomea.

Huku hatujambo. Masika yameanza na ndiva, bwawa letu la mfereji, imejaa, watu wanagombea zamu ya maji kama kawaida. Baridi ni nyingi.

Hezroni hayupo.

Nimempa Safia muuza ndizi lile koti akuletee. Usingoje. Nimelifua, na mfuko wa kushoto uliokuwa umetoboka nimeushona. Litakufaa kuliko mimi.

Ulinifundisha kazi vizuri. Kama nilikukosea kule korona, unisamehe.

Usihangaike kunijibu.

Aminiel Eliakunda

*

Makanya
27 Machi 1969

Binti yangu Ruthi Eliakunda,

Hunijui kwa sura, ila ndugu yako Aminiel alinisimulia habari zako: kwamba wewe ni dada mkubwa, unafundisha watu wazima kusoma, na ukikasirika hata mbuzi wanajipanga mstari. Mimi ni Chande, mtani wenu, niliyefanya kazi na Aminiel huku kwenye mkonge. Naandika kwako kwa sababu nina hofu, na hofu si nguo yangu, hainikai vizuri.

Juzi Safia ameniletea koti. Kwanza nilicheka. Nikalivaa palepale, nikatembea kambini kifua mbele, nikiwaambia watu: "Tazameni, nimemrithi Mpare angali hai!" Nikafika kwa Dorkas, mama anayetupikia. Akanitazama juu mpaka chini, mwiko mkononi.

"Hilo si koti la yule kijana?"

"Ndilo. Nimerithi."

"Kwani amekufa?"

"Hajafa. Amenipa."

"Mpare amekupa koti, masika haya, na yeye yuko mlimani?"

Binti yangu, nilivua koti lile kama linaungua. Mimi nimekaa na Wapare miaka mingi. Mpare akikuazima moto, kesho anakuja kudai majivu. Kisha nikaisoma upya ile barua yake. Hakunitukana hata tusi moja. Ameniomba msamaha. Ameshona mfuko. Mtu anayekwenda safari ya kurudi hashoni mfuko wa koti analoacha.

Niambie ukweli. Aminiel ana nini? Na Hezroni yuko wapi? Nilimfanyia utani wa kifo, na sasa ulimi wangu unanichoma.

Ni mimi mzee wako,
Chande

*

Bombo
2 Aprili 1969

Mzee Chande,

Shikamoo baba. Nimejifungia darasani, wanafunzi wangu wanadhani nasahihisha madaftari. Ukishasoma barua hii ichome.

Hezroni alijiua mwezi wa Novemba. Hii ni mara ya kwanza kuliandika neno hilo.

Hukuitwa kwa sababu hakuna aliyeitwa. Wazee wa ukoo wetu wanasema mtu wa namna hiyo haliliwi, na jina lake halitajwi, asije akalisikia aliye karibu likamchukua naye. Alizikwa asubuhi mapema na wanaume wachache. Hapakuwa na wimbo wala kilio wala matanga. Alichinjwa kondoo wa kuutakasa ua, basi. Mama alikatazwa kulia kwa sauti, akawa anaingia zizini na kujifunga khanga mdomoni. Wageni wakiuliza, baba anasema kijana amekwenda Mombasa kutafuta kazi.

Unaweza kuniuliza kwa nini. Hata sisi tunajiuliza, kila mtu peke yake. Miezi ile ya mwisho alikuwa haamki. Baragumu la msaragambo likilia, vijana wote wanatoka na majembe kwenda kuzibua mfereji, yeye amelala akiutazama ukuta. Chakula hali. Kucheka ameacha. Sisi tukasema ni uvivu. Balozi wetu wa nyumba kumi akamsimamisha mkutanoni, akasema taifa halijengwi na kupe, asiyefanya kazi na asile. Watu wakashangilia. Hezroni akasema tu, "Ni kweli." Baba akakohoa, akatazama chini.

Sasa Aminiel naye haamki.

Wale wawili walilala kitanda kimoja tangu utotoni. Yeye ndiye aliyemkuta kaka yake. Tangu siku ile hajamtaja, na sisi hatujamtaja mbele yake. Mzee Sebastiani, kaka mkubwa wa baba, anasema jambo hili hupita ndani ya ukoo kama maji ndani ya mfereji, likishafunguliwa linamfuata anayefuata. Kwa hiyo watu wote wanamtazama Aminiel kama chungu chenye ufa. Akiinuka, wanainuka. Akitoka, wananong'ona. Nami namwuliza, "Una nini?" Anasema, "Baridi." Siwezi kuuliza zaidi. Tunaogopa tukilitaja neno ndiyo tutakuwa tumemfundisha.

Habari ya koti sikuijua. Umeniambia wewe. Jana nimeona amempa mtoto wa jirani kisu chake cha kuchongea na goroli zake za tangu utotoni. Nilifurahi, nikasema amekuwa mtu mkarimu.

Baba, naogopa sana. Nifanye nini?

Ruthi

*

Makanya
5 Aprili 1969

Aminiel,

Leo utani nimeuweka chini kama mtu anavyoweka mzigo mlangoni kwa watu.

Nimejua habari ya Hezroni. Usimgombeze aliyeniambia. Ningejua, nisingeandika vile nilivyoandika, na ningekuwa huko tangu Novemba.

Nakuuliza neno moja, na ninaliandika kwa herufi kubwa ili usiseme hukuliona: UNATAKA KUJIUA?

Usinijibu kama Mpare aliye mbele ya hakimu. Usiniambie baridi. Kama ni ndiyo, sema ndiyo, sitapiga kelele, sitakuita kupe, sitakwambia unamtia baba yako aibu. Kama ni hapana, nitafurahi, lakini sitaamini mpaka nione macho yako.

Mimi sijui dawa. Nimeona vita, nimevuka Pangani imefurika na mamba wanatuhesabu, na wakati wote nilikuwa naimba. Leo siimbi. Nimekaa juu ya gunia la nyuzi nje ya korona nikikuandikia.

Mpaka nifike usikae peke yako. Kaa na Ruthi, darasani kwake, jikoni kwake, popote. Lala chumba kimoja na watu. Si kwamba nakulinda kama mwizi. Mtu mwenye homa halali peke yake, na hiyo yako ni homa.

Safia anaondoka sasa hivi na gari la Same, barua hii iko kwenye khanga yake. Nimemwambia asiweke mkononi mwa mtu mwingine ila wewe. Nami nakuja nyuma yake, mara nitakapopata chombo.

Chande

*

Bombo
Jumatatu

Mzee Chande,

Ndiyo.

Si kila siku. Asubuhi ni mbaya zaidi, baragumu likilia. Nahisi linaniita mimi kwa jina, na mwili hauinuki, na nikisikia miguu ya wenzangu njiani najua wanasema huyu ndiye atakayekuwa wa pili. Kila mtu ananitazama akingoja. Wakati mwingine nafikiri ni bora niwaondolee kazi ya kungoja.

Sitaki hasa kufa. Nataka kichwa kinyamaze.

Nilidhani mtu akiniuliza neno hilo nitaanguka kwa aibu. Nimelisoma, nikaenda jikoni kwa Ruthi nikampa barua yako asome. Alilia, nami nikalia, kisha nikapata usingizi. Sikumbuki mara ya mwisho.

Safia amekaa mlangoni, ndizi zake hajanunua, anasema haondoki mpaka nimalize kuandika. Ulimwambia nini?

Naogopa. Njoo.

Aminiel

*

Bombo
14 Aprili 1969

Kwa Bwana Tomaso, Nyapara Mkuu, Makanya

Ndugu nyapara,

Najua jina langu limekwisha pigwa mstari. Lipige hata miwili. Niliondoka bila ruhusa kwa sababu ruhusa ungeninyima, na mimi sipendi kukataliwa na mtu niliyemzidi umri. Sasa kaa uketi, nikupe habari, kisha ndiyo unifukuze.

Nilipanda lori la jasi mpaka Same, juu ya jasi yenyewe, nikashuka mweupe kama malaika wa kanisani. Kutoka Same basi la Gonja, na kutoka huko kwa miguu. Tomaso, mlima huu! Tope, mawe, migomba, tope tena. Bama kulikuwa na Wajapani lakini angalau kulikuwa na tambarare. Njia nzima nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa naogopa kukuta kimya kama kile walichoniambia cha Novemba. Nilipokaribia nikasikia mtu anapasua kuni nyuma ya nyumba, na nikasimama mgombani kusubiri pigo la pili. Likaja. Alikuwa Aminiel. Kuni zenyewe anapasua vibaya. Sijawahi kupenda kazi mbaya kiasi kile.

Baba yake, Eliakunda, akatoka.

"Karibu, mtani. Umekuja kwa heri?"

"Nimekuja matangani."

"Matanga ya nani?"

Nikasema: "Ya Hezroni."

Tomaso, hata kuku waliacha kudonoa. Yule mzee alishika mlango. Kaka yake, Sebastiani, alikuwa barazani na bakora yake, akainuka.

"Mzigua, jina hilo halitajwi katika ua huu."

"Halitajwi na ninyi. Mimi ni mtani, mwiko wenu haunifungi."

"Utatuletea balaa."

"Balaa iko humu ndani, mnaipikia makande kila siku. Kama nimekosea nishtakini. Nasikia Wapare mnapenda kesi kuliko nyama."

Nikalala chini katikati ya ua, kama tunavyofanya misibani, nikapiga kelele kwamba sitaondoka mpaka nipewe mbuzi wa matanga niliyedhulumiwa. Majirani wakaanza kujaa kwenye uzio wa masale ya mpakani. Hakuna aliyecheka. Mimi, Chande, ninayechekesha mashine, nimelala topeni watu wananitazama kama maiti. Nikamwambia Mungu moyoni, hapa nimejimaliza.

Ndipo nikainuka nikamwigiza Hezroni. Unakumbuka mwaka jana alivyokuja na ndizi? Jinsi alivyotembea kama anakwepa kumkanyaga siafu? Jinsi alivyotoa kitunguu kimojakimoja kwenye mchuzi wa Dorkas akakipanga ukingoni mwa sahani? Nikafanya hayo yote. Kisha nikacheka kicheko chake, mkono mdomoni.

Mama yake akatoa sauti. Nilidhani ni kilio. Kilikuwa kicheko, kisha kikageuka njiani kikawa kilio, kilio chenyewe sasa, cha sauti, kile walichomkataza. Akamwita mwanawe kwa jina. Wanawake wa jirani wakaja wakamshika, na mmoja akaanzisha wimbo wa maziko, kwanza kwa woga, kisha wote. Miezi mitano imechelewa, lakini waliimba.

Aminiel alikuwa amesimama na shoka pale kwenye kuni. Nilimwendea, nikalichukua shoka nikalikabidhi kwa Ruthi, nikamkalisha kwenye gogo. Akaniambia, "Mimi ndiye niliyemkuta." Nikamwambia, "Najua. Nieleze." Akanieleza. Sitakuandikia aliyoyasema, si yangu. Nilimshika bega wakati wote, na nakwambia wewe tu, ukimwambia mtu nitakana: niliogopa kuliko siku zote za Bama.

Mzee Sebastiani alikuja baadaye akakaa karibu nami. Si mtu mbaya. Anaogopa kama sisi.

"Sasa mmelitaja mbele yake. Je, likimfundisha?"

Nikamwambia: "Mzee wangu, lilikwisha mfundisha kitambo. Ninyi mlikuwa mnamwona anazama, mnaogopa kumtajia maji."

Akatoa ugoro akanusa. Mimi akaninyima.

Tulimpeleka Aminiel kwa mganga wa zahanati, mimi na Ruthi na baba yake. Kijana mdogo yule mganga, shati limepigwa pasi, nikajua ataniudhi. Hakuniudhi. Alimwuliza Aminiel neno lilelile nililouliza mimi, wazi, bila kupepesa, na akangoja jibu. Akamwambia baba mtu kwamba huu ni ugonjwa, unawapata watu wengi, si uvivu wala laana, na kwamba kuuliza hakumpandii mtu mbegu ya wazo hilo. Amesema aende kwake kila juma, na nyumbani asiachwe peke yake kwa sasa. Eliakunda akauliza: "Na yule wa kwanza? Naye alikuwa mgonjwa?" Mganga akasema, "Inaelekea hivyo, mzee." Njia nzima ya kurudi mzee yule alitembea nyuma yetu.

Balozi naye alipita. Alisimama nje ya ua, kofia mkononi, hakuingia. Nilikuwa nimemwandalia matusi ya lugha nne. Nikamwona anavyoizungusha ile kofia, nikayameza yote. Nikamwambia aingie ale makande.

Usidhani nimemponya mtu, Tomaso. Jana asubuhi baragumu lilipolia nilimwona amefunika kichwa, nikakaa pembeni ya kitanda. Tulisikiliza tu mpaka likanyamaza. Kisha akasema, "Leo ni kubwa." Nikasema, "Kubwa kiasi gani?" Akasema, "Kiasi cha kukwambia." Basi tumekubaliana hivyo: ikiwa kubwa, anamwambia mtu. Ndiyo dawa yote tuliyonayo pamoja na ya yule mganga.

Nakaa hapa siku chache zaidi. Ukinifukuza, mtafute mwingine anayeweza kuzibua korona bila kukatwa vidole, kisha unipelekee salamu za vidole vyake.

Chande

*

Bombo
22 Juni 1969

Mzee Chande,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Tomaso amekurudisha kazini, na sikuamini kwamba alikulilia miguuni.

Naendelea kwenda zahanati. Ruthi hunisindikiza, siku nyingine mama. Sitakudanganya: ile homa haijaondoka. Juma lililopita ilikuja mchana kweupe, nikiwa juu ya mfereji peke yangu, na nikaogopa sana kwa sababu ilikuja kwa upole, kama rafiki. Nikaacha jembe nikaenda kwa mzee Sebastiani kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Nikamwambia. Niliona ameogopa, lakini alinishika mkono, na akanitembeza mpaka nyumbani akinisimulia habari ndefu ya kesi ya mpaka wa shamba ya mwaka 1938. Sikuielewa. Nadhani hakutaka niielewe, alitaka nisikilize.

Msaragambo naenda nikiweza. Nisipoweza, Ruthi humwambia balozi kwamba ninaumwa, na balozi husema, "Pole yake," basi.

Lakini nilichokusudia kukuandikia ni hiki. Tangu ulipoondoka, baba hajalitamka jina la kaka. Mama anamtaja, Ruthi anamtaja, mimi naanza. Baba hutoka nje. Jana asubuhi alikuwa zizini anashindana na yule beberu mkaidi, mikono imejaa, akaita kwa nguvu kama alivyokuwa akiita miaka yote:

"Hezroni! Leta kamba!"

Mama aliangusha ungo. Ruthi akaja mlangoni. Mimi nilikuwa barazani navaa viatu, nikaona sasa anakumbuka; mgongo wake tu ndio niliouona, hageuki.

Nikachukua kamba nikaenda zizini.

Nikamwambia, "Hezroni amekufa, baba. Ni mimi, Aminiel."

Akageuka. Beberu akamponyoka, hakumjali. Alinitazama usoni. Tangu Novemba alikuwa ananitazama mabegani, sijui kama uliliona hilo. Akasema:

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi usiende. Nishikie hapa."

Nikashika.

Mtani wako,
Aminiel Eliakunda